Kwa Nini Ndege Hukusanyika Penye Matope ya Luiche na Malagarasi

Leo twataka kusema habari za matope. Huenda mtu akacheka na kuuliza, matope nayo yana habari gani? Na asubiri kidogo.

Mtu atokaye Kibirizi kwa mtumbwi, akaufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, hupita mbele ya ghuba ya Kigoma, akaizunguka rasi ya Bangwe, akafika Ujiji. Njiani huona ndege, lakini si wengi: mnandi aliyetandaza mbawa zake juu ya jiwe ili zikauke, mdiria akitulia hewani pale pale huku akiyatazama maji, na mara moja moja furukombe juu ya mti mrefu. Akiipita Ujiji na kufika penye mlango wa mto Luiche, mambo hubadilika. Hapo huona yangeyange na korongo, kwarara na bata, na vitwitwi wadogo wakimbiao ukingoni kwa makundi, wakidunga midomo yao ardhini upesi upesi kama sindano ya cherehani. Ziwa ni lile lile, na jua ni lile lile. Ndege hao wangeweza kuruka mpaka Bangwe kwa dakika chache. Basi kwa nini wasiende?

Mwanafunzi akiulizwa swali hili hujibu upesi kwamba huko Luiche kuna samaki. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, maana samaki wamo hata katikati ya mawe ya Bangwe, tena wa aina nyingi. Mwingine husema kwamba Luiche hakuna watu wa kuwasumbua. Hilo si kweli hata kidogo. Watu hulima mpunga katika bonde lile na hupita hapo mchana kutwa. Jibu lenyewe liko chini ya miguu ya hao ndege.

Mto hauchukui maji matupu. Mvua inyeshapo juu ya vilima vya nchi ya Kigoma, hung'oa udongo na kuutia katika vijito, na vijito huutia mtoni. Mto ulio na nguvu huweza kuviringisha hata mawe. Upunguapo nguvu huangusha kwanza mawe, kisha kokoto, kisha mchanga, na mwisho kabisa ule unga laini wa udongo ambao jicho haliwezi kuziona punje zake moja moja. Tofauti ya punje hizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Punje ya mchanga wa kawaida ikiwa kama chungwa, punje ya udongo wa mfinyanzi huwa kama chembe moja ya chumvi.

Walimu wenzetu, jambo hili laonyeshwa darasani kwa chupa moja tu ya kioo kisicho na rangi. Tieni ndani yake udongo wa shambani mpaka robo ya chupa, jazeni maji, zibeni, kisha tikiseni kwa nguvu na kuiweka mezani isiguswe. Mchanga utaanguka chini papo hapo, kabla mwalimu hajamaliza sentensi yake. Unga ulio laini zaidi utashuka kwa dakika nyingi, hata kwa saa. Maji ya juu yatabaki na rangi ya chai ya maziwa mpaka kesho yake, kwa kuwa punje za mfinyanzi huhitaji siku nzima au zaidi kushuka kadiri ya shubiri moja. Chupa ikiisha tulia, wanafunzi wataona tabaka zilizopangwa moja juu ya nyingine, na hapana mtu aliyezipanga.

Mto ukiingia ziwani hufanya kazi ile ile ya chupa, ila badala ya kupanga tabaka juu na chini, huzipanga karibu na mbali. Mlangoni penyewe, ambapo maji yangali na mwendo, hubaki mchanga, nao hufanya mafungu. Pembeni, nyuma ya mafungu hayo, na katikati ya matete na mafunjo ambako maji yamesimama, hushuka tope laini. Upepo nao una sehemu yake. Kusi ivumapo katika miezi ya kiangazi hutoka kusini na kupita juu ya maji mengi bila kizuizi, na mawimbi yake huupiga ukingo ulio wazi na kuyachukua matope yote, yakabaki mawe na mchanga uliooshwa. Kwa hiyo tope haliwezi kukaa ila mahali palipo na kinga.

Tena ziwa letu ni ufa mkubwa wa nchi. Kina chake penye shimo lake kubwa ni kama mita 1,470, na mahali pengi ukingo wake huteremka ghafula. Udongo uangukao penye mteremko kama huo hauna pa kutulia. Huporomoka mpaka gizani, ambako hewa iwapayo viumbe uhai haimo majini. Chini ya mita 100 au 200 hapana samaki wala konokono awezaye kuishi. Kwa sababu hii nchi tambarare ya matope ni kitu cha nadra katika Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 670, lakini mahali penye tope la kufaa ndege ni pachache: milango ya mito kama Luiche, Malagarasi, na huko kaskazini Rusizi katika nchi ya Burundi, pamoja na ghuba chache zilizojificha.

Sasa na tulitazame tope lenyewe. Mchanga uliooshwa na mawimbi ni kama sahani iliyooshwa: ni safi, na kwa sababu hiyo hauna kitu cha kula. Punje zake ni kubwa, maji hupita katikati yake, na takataka za majani yaliyooza hazishikwi. Tope laini hufanya kinyume. Punje zake huzishika chembe za majani, za samavi na za viumbe vilivyokufa, na juu ya chembe hizo huota vijidudu visivyoonekana. Vijidudu hivyo ni chakula cha minyoo, na cha konokono, na cha watoto wa visubi wasiouma, wale wanaoonekana jioni kama moshi juu ya maji. Mtoto wa kisubi huyo ni kama kiuzi chekundu kisichozidi urefu wa ukucha. Wekundu wake ni wa aina moja na wekundu wa damu yetu, nao humsaidia kuivuta hewa kidogo iliyomo ndani ya tope. Mahali pazuri, kipande cha tope chenye ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa chaweza kuwa na mamia ya viumbe hao.

Lakini laini likizidi nalo huharibu. Mtu akichimba kidogo katika tope zito la mfinyanzi hukuta, chini ya ngozi ya juu yenye rangi ya kahawia, tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Weusi huo na harufu hiyo ni dalili kwamba hewa imekwisha. Viumbe wachache tu huweza kukaa humo, na wengi hupanda juu, karibu na maji, ndani ya sentimita chache za kwanza. Basi tope lenye kulisha ndege wengi si la mchanga mtupu wala la mfinyanzi mtupu. Ni lile la katikati, ambalo mtu akilisugua kwa vidole hulisikia laini kama unga wa muhogo, na bado punje kidogo zikwaruze.

Ukiisha kulijua hili, midomo ya ndege, ambayo huonekana kama mchezo wa maumbile, hupata maana. Kitwitwi mdogo kuliko wote, ambaye uzito wake haufiki gramu 30 aingiapo nchini, ana mdomo wa sentimita mbili hivi. Huyo hawezi ila kula vilivyo juu kabisa, na ndiyo sababu hukimbia pale pale maji yanapokutana na tope, ambapo viumbe wamepanda juu na tope lingali bichi. Ndugu yake mwenye mdomo uliopinda kidogo hufikia sentimita nne, naye huingia majini mpaka magotini. Kwarara mweusi mwenye kung'aa, ambaye mdomo wake ni mrefu kupita kidole cha kati cha mtu mzima, hupekua tope lililo laini sana kando ya matete. Kwa hiyo wote watatu waweza kula mahali pamoja siku moja, wala wasigombane, kwa sababu kila mmoja anakula ghorofa yake.

Wako na wengine wasiotumia kudunga. Wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa hukimbia hatua chache, husimama kimya, kisha hudonoa. Hao huwinda kwa kuona. Wao hulipenda tope lililokauka kidogo, au mchanga uliochanganyika na tope, ambapo kiumbe akijitingisha juu ya ngozi ya nchi huonekana. Ndege mwenye kudunga hawezi kufanya kazi mahali kama hapo, kwa kuwa tope likikauka hushikana kama tofali. Hata chakula kikiwamo ndani yake tele, kwake ni kama ghala iliyofungwa kwa kufuli. Hili tunalikazia maana wengi hudhani chakula kuwako kwatosha. Ndege hahesabu chakula kilichomo. Ahesabu kile awezacho kukipata kabla ya jua kushuka.

Tena ncha ya mdomo wa kitwitwi si pembe ngumu tu. Ndani ya mfupa wake mna vishimo vingi vidogo vyenye mishipa ya fahamu, hata ndege huyu husikia kwa mdomo kama sisi tusikiavyo kwa ncha za vidole. Mwaka 1998 wataalamu wa Uholanzi walichapa habari za ndege mmoja wa jamaa hii, akaaye katika pwani za kaskazini, kwamba aweza kugundua kombe lililofichika ndani ya mchanga mbichi bila kuligusa. Adungapo mdomo wake, maji yaliyo katikati ya punje husukumwa, nayo yakikuta kitu kigumu hurudisha msukumo ambao mdomo huutambua. Mchanga ukikauka, uwezo huo hautumiki tena. Na huko California, Marekani, palichapwa mwaka 1982 habari za jaribio jepesi ambalo hata shule ingeweza kulifanya: mchanga kidogo ulinyunyizwa juu ya tope, na baadhi ya ndege wadungao wakapunguza kula pale. Punje za mchanga zilikuwa karibu sawa kwa ukubwa na vyakula vyao. Ni kama kumpa mtu achague wali wenye changarawe.

Tope hutawala hata wale wasiolila. Mdiria na furukombe huwinda kwa kuangalia kutoka juu. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa hawaoni kitu, nao huhama kwenda penye mawe ambako maji ni maangavu. Yule korongo mweupe mwenye mdomo wa manjano hana haja ya kuona. Huutumbukiza mdomo wake katika maji machafu ukiwa wazi kidogo, akayachokoa matope kwa mguu mmoja, na samaki akiugusa tu mdomo hufungwa upesi kama mtego. Ndege mweupe mwenye mdomo kama kijiko hufanya vivyo hivyo kwa kuupeleka huku na huku, kama mtu afyekaye nyasi. Na korongo mweusi ambaye midomo yake hata ikifumbwa huacha nafasi katikati, huyo ni fundi wa konokono, na wa wale wenye makombe mawili yafungwayo kama kijaluba. Ncha ya mdomo wake hukata nyama inayolishika kombe, akaitoa nzima. Konokono wake huwapata penye tope laini, kwa maana hapo ndipo wanapojichimbia maji yanapopungua.

Bata wana hesabu nyingine, kwa kuwa wengi wao hula mbegu kuliko wadudu. Yule bata mwenye uso mweupe apigaye mbinja, ambaye husikika usiku akipita juu ya nyumba za Ujiji, hutua gizani katika maji yasiyopita kimo cha shingo yake na kuchuja mbegu za nyasi, za ndago na za yungiyungi. Kando ya mdomo wa bata mna vijimeno vyembamba kama vya kitana, maji hutoka na mbegu hubaki. Mbegu ni nyepesi. Mto huziangusha pamoja na punje laini, si pamoja na mchanga. Kwa hiyo lilipo tope laini ndipo ilipo ghala ya mbegu, na maji yakipungua mbegu hizo huota, zikafanya majani mabichi ambayo bata bukini huyachunga kama ng'ombe.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kuikumbuka pwani ya bahari, ambayo wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na Kilwa wanaijua. Huko tope hufunuliwa mara mbili kila siku, maji yanapokupwa, na wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Katika milango ya mto Rufiji ndege hufuata maji yanapotoka na kurudi juu yanapoingia, kana kwamba wana saa mfukoni. Ziwa letu halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Hupanda na kushuka mara moja tu kwa mwaka, pengine nusu mita, pengine hata karibu mita moja. Huwa juu kabisa yapata Aprili na Mei, mvua zikiisha, na chini kabisa yapata Oktoba na Novemba, kabla mvua mpya hazijashika. Nusu mita si kitu penye mawe ya Bangwe. Lakini penye nchi tambarare ya Luiche, nusu mita ya maji yaweza kufunua au kufunika uwanda mpana sana.

Na angalieni jinsi majira yanavyokutana. Vitwitwi wengi si wenyeji wetu. Huzaliana katika nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya na Siberia wakati wa kiangazi cha huko, kisha huanza kushuka kwetu katika Agosti na Septemba. Wanapofika wamekonda kwa safari ya maelfu ya kilomita, na wakati huo huo ziwa linashuka, kila juma likifunua utepe mpya wa tope bichi ambalo halijaguswa na mdomo wowote. Utepe wa juma lililopita umekwisha kuanza kukauka na kushikana; utepe wa leo ni laini. Ndiyo sababu utawaona wote wamejipanga ukingoni, mguu mmoja majini, na nyuma yao uwanda mkubwa hauna mtu. Wageni wetu wafuata mstari huo kila unakokwenda.

Mstari huo wenyewe haukukaa mahali pamoja tangu zamani. Cameron alipouona mto Lukuga mwaka 1874, upande wa magharibi wa ziwa, aliukuta umezibwa kwa majani na matope, na Lukuga ndio mto pekee utoao maji ya Tanganyika na kuyapeleka Kongo. Kwa kuwa mlango ulizibwa, ziwa lilikuwa likipanda. Yapata mwaka 1878 kizibo kikavunjika. Hore wa misheni ya London, aliyefika Ujiji mwaka huo, aliliona ziwa likishuka, akaandika habari zake. Mpaka yapata mwaka 1894 maji yalikuwa yameshuka kadiri ya mita 10. Basi ile pwani ya Ujiji waliyoikanyaga Livingstone na Stanley mwaka 1871 ni nchi kavu, na mnara wa ukumbusho wao uko mbali na maji. Huko chini ya mashamba na nyumba, mwenye kuchimba hukuta makombe na mchanga wa ziwa.

Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 ziwa likapanda tena, likafika juu sana mwaka 1964. Na katika miaka hii yetu limepanda vile vile: mwaka 2020 na 2021, tena mwaka 2024, maji yaliingia katika makao ya watu na bandari pande nyingi za pwani. Ziwa likipanda namna hii, nyanda za matope huzama, na kitwitwi mwenye miguu ya sentimita chache hana pa kusimama. Wengine huingia juu bondeni, katika majaruba ya mpunga na malisho yaliyofurika, ambako hupata tope jipya kwa muda. Wengine hupita tu.

Tumetaja Malagarasi mara mbili wala hatujausimulia, na mto huo wastahili. Ni wa pili kwa urefu katika Tanzania. Kabla ya kufika Uvinza, maji yake na ya mto Muyovozi hupita katika vinamasi vikubwa vya mafunjo, na huko mto huacha sehemu kubwa ya udongo wake, kama mchukuzi atuaye mzigo njiani. Mwaka 2000 bonde hilo liliwekwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni mapatano ya mataifa ya kuhifadhi nchi zenye maji, nalo lilikuwa la kwanza kwa Tanzania. Ndimo akaamo yule ndege wa ajabu mwenye mdomo kama kiatu, asimamaye kimya saa nzima akimngoja kamongo atoe kichwa kuvuta pumzi. Vinamasi hivyo huyachelewesha maji pia, hata mto huendelea kujaa mvua zikiwa zimekwisha. Kutoka Uvinza mto huteremka tena kwa kasi katika vilima, ukaokota mzigo mpya, ukafika ziwani karibu na Ilagala. Msafiri wa boti huweza kuutambua mlango wake kabla ya kuuona, maana maji ya ziwa hugeuka kutoka buluu kuwa kahawia.

Luiche hauna kinamasi kikubwa cha namna hiyo cha kuutua mzigo wake. Ni mto mfupi, na yatendwayo vilimani huonekana mlangoni pake upesi. Basi mtu aweza kusema, ikiwa ndege wapenda tope, na tukate miti yote ili tope liwe jingi! La. Kilima chenye miti hutoa maji polepole, na maji ya polepole huleta unga laini kidogo kidogo, ambao viumbe wa tope wana wakati wa kuupanda juu kila ufikapo. Kilima kilichochomwa moto na kulimwa kwa kufuata mteremko hutoa maji yote kwa saa moja. Gharika hiyo huja na mchanga na kokoto, ikazimwaga juu ya tope la miaka mingi, na yaliyomo chini yakafa kwa kukosa hewa. Nasi tumekwisha ona habari za ule mchanga kidogo wa California. Hata penye mawe hasara yafika: wataalamu waliofanya kazi katika ziwa letu walichapa mwaka 1993 kwamba mahali palipofunikwa kwa udongo utokao katika nchi zilizokatwa miti, aina za samaki na za viumbe wadogo zilikuwa chache kuliko mahali palipo safi.

Zaidi ya ndege kuna mwenye shamba. Udongo uliofika Luiche ulikuwa juu kabisa ya shamba la mtu fulani, sehemu ile yenye rutuba. Hautarudi. Mwenye kutaka kuona tofauti kwa macho na alinganishe vilima vya Gombe, vilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na vile vilivyo jirani nje ya mpaka. Katika baadhi ya vijiji vya upande huo kazi ya kupanda miti na kuzuia mmomonyoko ilianza mwaka 1994 kwa mpango uitwao TACARE. Kwa maoni yetu, matuta yaliyochimbwa kwa kukingama mteremko, pamoja na majani yaliyoachwa kando ya kijito, ni kazi inayowezekana kwa jembe la kawaida na msaada wa jirani.

Neno moja kwa wakulima wa mpunga. Tumesikia mara nyingi ndege wote wakifukuzwa kwa pamoja, kana kwamba wote ni wezi. Bata bukini huharibu mpunga, hilo twalikubali, na ndege wadogo wa makundi wenye midomo minene hula punje. Lakini kitwitwi, kwarara na yangeyange hawaugusi. Wao wamo majarubani kwa ajili ya wadudu na konokono na vyura. Mwenye kuutazama mdomo kabla ya kurusha jiwe atajiokolea mawe mengi.

Wanafunzi watakaotaka kuyaona mambo haya wenyewe wasiingie majini. Mamba na viboko wamo katika milango ya mito yote miwili, na baadhi ya konokono wa maji huchukua ugonjwa wa kichocho. Kaeni juu ya ukingo, mbali kidogo, asubuhi jua likiwa mgongoni kwenu. Chagueni mahali patatu: penye mawe, penye mchanga, penye tope. Andikeni kila juma ni ndege gani wako wapi, na kama wanadunga, wanadonoa, au wanachuja. Chomekeni kijiti penye mwisho wa maji katika Septemba, na kingine kila juma, mpaka mvua zitakaporudisha maji.

Yapata Machi mtaona vitwitwi wakibadili manyoya, wengine wakiwa wekundu kifuani, na miili yao ikinenepa kwa mafuta ya safari. Wakati huo maji yamekwisha kuvifikia vijiti vya katikati. Katika Aprili kundi huondoka, mara nyingi jioni, likipanda juu sana na kuelekea kaskazini, na mwezi wa Mei vijiti vyote viko chini ya maji, na juu yake mto unaangusha tope la mwaka mwingine.